Dome wa Kidole Gumba

Nairobi,
12 Januari 1948

Kwa mke wangu Khairiya,

Nakusalimu salamu nyingi, nikitumai hujambo wewe na mama yangu hajambo. Mimi mzima, ila baridi ya asubuhi huku hunivisha koti juu ya koti.

Najua barua zangu huwa fupi. Tangu arusi yetu ni miezi minane, na katika hiyo tulikaa pamoja wiki tatu tu, likizo yangu ikaisha. Bado sijui maneno gani hukufurahisha na yapi hukuchosha. Kwa hiyo leo nitakuandikia juu ya kazi yangu, maana hiyo ndiyo ninayoijua.

Hapa kwenye jumba la makumbusho mimi hutunza wanyama wa baharini ndani ya chupa za spiriti. Juzi, nikibadilisha spiriti, nilikuta nyuma ya kabati chupa ya zamani. Ndani yake mna dome mmoja, ndugu wa pweza na ngisi kama ujuavyo, hazidi kidole changu gumba. Kibandiko kina neno moja: Mombasa. Hakuna mwaka wala mahali penyewe. Mkubwa wetu wa kazi alimtazama akasema ni mtoto wa yule dome mkubwa tunayemjua sote. Huenda ni kweli. Lakini, Khairiya, uso wake si uso wa mtoto. Nilipomwambia hivyo Dishon, mwenzangu anayechora picha za wanyama, alinicheka: "Siku hizi wasoma nyuso za samaki?"

Nakuomba, kama si taabu, mtume mtu sokoni akaulize kama dome wadogo namna hii hupatikana, na wapi. Kama ni taabu, liache.

Mimi mumeo,
Athmani bin Faraj


Kibokoni, Mombasa,
26 Januari 1948

Mume wangu Athmani,

Salamu zako zimefika, na Mama akurudishia zake. Barua yenyewe ilikuja siku ya Maulidi, nyumba imejaa wageni. Mama akaninong'oneza, "Kaifungue, mume amekukumbuka." Nikaingia nayo chumbani, nikatia komeo. Nilipotoka, wanawake wote macho kwangu. Nikawaambia, "Auliza habari za dome." Walicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye mkeka.

Baba yangu hakucheka. Wamjua Mzee Abdulghafur, neno lake ni moja. Alisema: "Mke si sanduku la kuwekwa kwa watu. Ramadhani isiingie kabla Athmani hajasema. Amchukue, au arudi, au amwache." Nimeliandika kama alivyolisema, sikuzidisha chumvi wala sikupunguza.

Sasa dome wako. Nilikwenda mwenyewe sokoni, Mama akabaki nyumbani. Jefwa muuza samaki akaniambia, "Bi Khairiya, hao wadogo wakinasa wavuvi huwatupa. Nani atakula dome wa kidole?" Akaniuzia mkubwa, nikampika kwa nazi, na Mama, ambaye tangu afariki Baba Faraj hula kama ndege, alirudia sahani.

Nilipokuwa nikimpasua yule dome nilitoa ule mfupa mweupe, ambao masonara huumiminia fedha iliyoyeyuka, nikajiuliza jambo. Mtoto wa mbuzi pembe zake laini. Huyo wako aliye chupani, mfupa wake ukoje?

Khairiya binti Abdulghafur


Nairobi,
5 Februari 1948

Kwa mke wangu Khairiya,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Swali lako! Mbona sikujiuliza mimi?

Nilikwenda kwa mkubwa nikaomba ruhusa ya kumpasua. Akasema, "Tuna mmoja tu." Nikamsomea maneno yako ya mtoto wa mbuzi. Akatoa wembe wake mwenyewe. Khairiya, mfupa ni mgumu na mnene, na mkiani una kimwiba kama ncha ya sindano. Tukamtafuta mtoto wa dome mkubwa wa ukubwa ule ule: mfupa wake mwembamba kama ukucha, na mwiba wake mfupi, butu. Mkubwa akasema, "Hii ni habari nyingine. Lakini kwa mmoja, tena mkongwe, hatuwezi kusema kitu. Nataka wabichi, na nataka kujua wanaishi wapi."

Basi wakipatikana, watie katika spiriti ya dukani, chupa ya achari itafaa, na mdomo uuzibe kwa nta. Mpe Baya, yule fundi wa reli, ataniletea. Na aliyewapata aniambie mahali penyewe: ni mwambani, au mchangani, au kwenye mikoko? Maji marefu au mafupi? Neno Mombasa peke yake halitoshi.

Maneno ya Baba nimeyasikia. Kuna jambo huku, ila halijaiva, na siwezi kulisema sasa. Nivumilie.

Athmani


Kibokoni,
27 Februari 1948

Mume wangu,

Baya atakupa chupa mbili. Kwanza nikupe habari zake, kisha nitakuuliza jambo.

Kuna mtu alijitolea kutafuta. Usimuulize jina. Mara ya kwanza alikwenda upande wa Tudor, kwenye mikoko, kwa kuwa alifikiri kitu kidogo hujificha penye mizizi mingi. Alirudi na tope hadi magotini na kaa mmoja aliyemuuma kidole. Mara ya pili alishuka chini ya Kizingo, akapekua kila shimo la mwamba. Pweza walikuwapo, na tondo ndani ya makombe yao, na mwanamke mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitembeza mbwa akauliza kama kumepotea kitu. Dome hapana.

Bamvua la juzi maji yalitoka mno. Huyo mtu alivuka mwamba mpaka mwisho, pale mwamba unapokoma na mchanga unaanza, kabla ya mkondo wenyewe. Pana kipande cha nyasi za bahari, fupi, ambazo siku nyingine hazionekani. Aliinama kufunga leso yake, mchanga ukamtazama. Ndiyo, mchanga ulikuwa na macho mawili. Akatia kikombe, akapata dome mzima, hazidi kidole gumba, naye dome akabadilika mwilini kutoka rangi ya mchanga kuwa mwekundu wa hina, kisha akawa na milia, kisha akatema wino wote aliokuwa nao, na wino wenyewe ni tone moja.

Wamepatikana wanne. Watatu nimekutilia chupani. Wa nne nilimpasua hapa jikoni kwa wembe mpya. Tumboni alikuwa na mayai, makubwa, tele. Athmani, huyu si mtoto. Mtoto habebi mimba.

Sasa swali langu. Hilo jambo lako ambalo halijaiva, lina jina? Lina mguu na mkono? Niambie tu, mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Khairiya


Mombasa,
5 Machi 1948

Mwanangu Athmani,

Soma polepole, mkono wangu umezoea herufi za Kiarabu na hizi za skuli ni shida kwangu. Nimeandika mwenyewe ili mkeo asijue.

Huyo "mtu" aliyeshuka ni nani, waonaje wewe? Ni Khairiya. Na aliyekuwa amesimama juu ya mwamba, ameshika buibui lake na viatu vyake, akiangalia ndia asije mtu, ni mimi mamako. Tangu alipokufa babako nilikuwa sitoki hata kwenda ukumbini. Mtoto huyu akaja akaniambia, "Mavyaa, nisindikize, peke yangu naona haya." Nikasema nitamsindikiza mara moya tu. Sasa ndimi nimuamshaye, nikimwambia, "Ondoka, mayi yatoka!" Alipowaona alipiga kelele kule nyasini, nami nikaingia na viatu vyake mkononi, mayi yakanifika kiunoni. Nimeteka siku ile, kicheko hata mbavu zikaniuma.

Amekuficha kwa sababu aogopa utaona haya, mke wako kuvua kama mchuuzi. Kama utaona haya, kaone haya huko huko Nairobi.

Na wewe wamficha nini? Barua yako ameisoma mara nyingi, na kila akiisoma hali chakula. Babake amekuja tena, amekaa barazani hakunywa hata kahawa. Ikiwa una mke mwingine huko, niambie mimi kwanza, nipate kukulaani vizuri.

Mamako,
Mwanatumu


Nairobi,
13 Machi 1948

Kwa Khairiya, mke wangu, tena mke wangu peke yake,

Mama ameniandikia. Usimkasirikie. Namkasirikia Athmani mwenyewe, aliyedhani kunyamaza ni adabu.

Sina mke huku. Nina kitanda cha chuma, jiko la mkaa, na Dishon anayekoroma upande wa pili wa ukuta. Hilo jambo ni hili: mkubwa wetu anataka kuweka mtu pwani wa kukusanya wanyama wa baharini, si kwa wiki mbili bali mwaka hadi mwaka. Niliomba kazi hiyo mwezi wa Novemba. Nikaambiwa, "Hatuna sababu ya kutosha. Bahari ya Mombasa tumekwisha kuitazama." Niliona nikikuahidi kisha nikose, Baba yako ataniona mwongo, nawe utaniona mwongo, na hatujapata kujuana hata ukajua kwamba mimi si mwongo. Ndiyo maana nikaficha. Nimekosea. Ningalikuambia, ungalinisubiri kwa kitu, kuliko kunisubiri kwa hofu.

Sasa sikiliza. Nilipoweka chupa zako mezani, mkubwa alivua miwani. Dume wawili na jike mmoja, wote wamekomaa, mayai ya jike yameiva. Dishon amewachora, kila mkono na kila kinyonyio, na picha pamoja na mfupa mmoja zimekwenda kwa ndege kwa wataalamu wa dome huko Ulaya. Mkubwa akaniuliza, "Nani aliyewapata? Jina lake huandikwa." Nikasema, "Mke wangu." Akadhani hakusikia vizuri, nikarudia kwa sauti zaidi. Ofisi nzima ilisikia. Kama ni haya, sikuiona hata moja. Niliona kifua kikinipanuka.

Wataalamu watauliza huyu hutagia wapi na wanawe wakoje. Mayai hayo, ukiyaona, sijui yanafananaje. Hakuna hapa anayejua. Tutajua kwako.

Na viatu safari hii vaa. Kule mwambani kuna shokoo, na miiba yao hupenya nyayo.

Mumeo,
Athmani


Kibokoni,
22 Aprili 1948

Athmani wangu,

Kaa kwanza, usisimame.

Barua yako ya Machi niliisoma na Mama akawa nyuma yangu akiisoma juu ya bega langu, basi siri hakuna tena katika nyumba hii. Uliposema "kwa sauti zaidi" Mama alipiga makofi akasema, "Huyo sasa ndiye mwana wa Faraj."

Tulishuka tena. Wameketi pale pale, katika zile nyasi fupi, wala si kwingine. Mchana hujizika mchangani, kati ya mashina, macho nje. Ukienda hatua chache kwenye mwamba hawako, ukienda kwenye mchanga mtupu hawako. Na mayai nimeyaona. Ni meusi kama pilipili manga, kila moja limefungwa kwenye jani la nyasi kwa kishikizo chake, kana kwamba mtu ameketi kuyashona. Nilikata majani machache nikayaleta kwa ndoo, pamoja na dume na jike, nikawaweka katika lile karai kubwa la pilau la arusi yetu. Mama akasema, "Karai la pilau!" Kisha akawa yeye ndiye wa kwanza kwenda Forodhani kila asubuhi kuhimiza maji mapya ya bahari.

Wiki zikapita. Yale meusi yakavimba, yakang'aa, mpaka ukiweka taa nyuma yake waona ndani kitu kinajipinda. Mtaa mzima ukaja. Mwanaesha wa nyumba ya pili alileta kigoda chake mwenyewe.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, akaja Baba. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi, uso umekunjwa. Nikajua amekuja kunichukua. Hakukaa. Akasema, "Khairiya, fungasha. Ramadhani yakaribia na mumeo hana neno."

Mama akamwambia, "Analo neno, Mzee, ila lipo kwenye karai."

"Kwenye karai mna nini?"

"Inama uone."

Baba akainama. Akainama zaidi, maana macho yake si mazuri tena. Ndevu zake zikagusa maji. Yule dume akageuka mwekundu, akajitupa juu, akamtemea Baba maji yenye wino toka kidevuni hadi kifuani. Kanzu ya Ijumaa, Athmani! Ndipo Mama akapiga ukelele: "Abdulghafur! Umenichafulia mayi yangu!"

Baba alitazama kifua chake. Alinitazama mimi. Kisha nikasikia sauti ambayo sijaisikia tangu utoto wangu, Baba akicheka mpaka akashika nguzo. Na tulipokuwa tukibadilisha maji, upesi upesi, mmoja wetu akasema, "Haya tazameni!" Yai lilikuwa limepasuka. Kitoto kimetoka, kidogo kuliko punje ya mchele, na kabla hakijafika chini kilikuwa kimekwisha kubadili rangi. Kisha kingine. Kisha vingine. Baba alisahau kuvua ile kanzu. Alikaa hapo mpaka magharibi, akiuliza, "Na yule? Yule atoka lini?"

Nilimsomea barua yako, sehemu ya kazi tu, zile nyingine nikaziruka. Akasema, "Kumbe kijana alikuwa na neno. Alikosa ulimi." Alipokuwa akitoka akageuka mlangoni: "Mwambie nimemwongezea muda. Lakini asiuchezee."

Vitoto vichache nimekutilia katika spiriti, kwa huzuni. Vingine tulivirudisha kwenye nyasi zao siku ya pili, Mama akiviombea dua.

Nakusubiri, na safari hii nina kitu cha kusubiria.

Khairiya


Nairobi,
27 Mei 1948

Khairiya,

Majibu yamekuja!

Si mtoto wa dome mkubwa. Ni dome mwingine kabisa, mtu mzima katika udogo wake. Wataalamu wanasema aliwahi kupatikana mara moja tu, mbali sana kusini, katika nyavu za meli iliyokuwa ikivua kwenye maji marefu, na hakuna aliyejua huishi wapi wala hutaga nini. Sasa wanajua. Wameandika kwamba wataitangaza habari yake, na mahali pake patatajwa kwa maneno yako: mwisho wa mwamba, kwenye nyasi fupi, kabla ya mkondo. Na jina lako litakuwa chini yake.

Mkubwa aliniita, akasema, "Nilikuambia sina sababu ya kukuweka pwani. Mkeo ameileta." Nimepata kazi. Chumba cha kazi kitakuwa Mombasa, karibu na Mwembe Tayari, na nyumba ni ile ile yetu, ikiwa wewe na Mama mtanikubali.

Natoka Jumanne kwa gari la moshi. Mwambie Baba neno langu limeiva. Narudi kwa mke wangu.

Athmani


Mombasa,
10 Juni 1948

Ndugu yangu Dishon,

Nimefika salama. Ulinitaka nikuandikie habari za dome, nami nitakuandikia, ila uvumilie mambo ya nyumbani yakipenya humo.

Stesheni walikuja wote. Mkwe wangu alinishika mkono asiuachie, akaanza kunieleza jinsi dome anavyotoka katika yai, kana kwamba mimi sikupata kusikia. Mama amenenepa kidogo. Khairiya alisimama nyuma yao ndani ya buibui, nami nikaona haya kama bwana arusi. Nasi tukabaki wawili. Barua tumeandikiana nyingi, lakini mdomo na mdomo tulikuwa wageni. Mwishowe akasema, "Bamvua lakaribia. Utakuja?"

Tulikwenda juzi. Mama alikaa juu ya mwamba na viatu vyetu. Tulivuka mwamba wote mpaka kwenye zile nyasi, maji yakiwa magotini, na Khairiya akitangulia. Nilianza kupapasa huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo. Akanishika mkono, mara yake ya kwanza kunishika mkono kwa hiari yake. "Wacha, utawatisha. Simama tu utazame."

Nikasimama. Sikuona kitu. Nyasi na mchanga. Akasema polepole, "Mbele ya mguu wako wa kulia."

Dishon, nimewashika dome katika spiriti miaka minne, nimewapima, nimewabandika karatasi. Wote ni weupe, rangi ya nta. Nilikuwa nikidhani ndiyo rangi yao. Mchanga ule ukafumbua macho, ukainuka, dume na jike pamoja, na dume akapitiwa na rangi mwilini kama upepo unavyopita juu ya shamba la mpunga: nyekundu, kahawia, milia myeupe, na ukingoni mwa mapezi uzi wa buluu mwembamba. Yule jike alimtazama, akasogea karibu. Machozi yalinitoka, sikujua hata kama yalikuwa yakinitoka.

Khairiya aliniuliza, "Mbona walia?"

Nikamwambia, "Sikujua kuwa wako hivi."

Akacheka, akasema, "Wala mimi sikujua kuwa wewe uko hivi." Na hakuuachia mkono wangu mpaka maji yalipoanza kujaa na Mama akaanza kutuita.

Njoo uje na rangi zako zote. Kitanda kipo.

Rafiki yako,
Athmani bin Faraj